Niliyoyaona Runyenjes: Njozi ni ya mmoja, amri ni ya nani?

Simu ilipigwa baada ya Isha. Alikuwa mwana wa marehemu ndugu yangu, na alipoanza na "Ami, samahani kwa usiku huu," nikajua pana jambo. Mwanawe wa miaka saba alikuwa Runyenjes, kwa bibi yake mzaa mama, kwa likizo ya Agosti. Mtoto yule ana selimundu. Sharti ameze vidonge vyake kila siku, anywe maji kwa wingi, na asipigwe na baridi. Na kule Embu mwezi wa Agosti baridi haina mzaha. Sasa mama mtu amepiga simu kwao na kuambiwa kwamba vidonge vimewekwa kando tangu Ijumaa iliyopita, kwa sababu bibi "ameonyeshwa".

Kijana wetu anafanya kazi ya zamu bandarini, na mkewe alikuwa na mtoto mchanga, bado yuko ndani ya arubaini. Kwa hivyo safari ikaniangukia mimi. Basi la usiku hadi Nairobi, kisha matatu kupitia Thika, Makutano na mashamba ya mpunga ya Mwea, hadi Embu mjini. Nikaswali Adhuhuri hapo, nikapanda gari jingine linaloelekea njia ya Meru. Runyenjes iko kando ya barabara hiyo, kwenye miteremko ya Mlima Kenya: kahawa, migomba, makadamia, na ukipanda juu zaidi unakuta majani chai.

Huku kwetu Pwani, ukitaja Embu wengi wetu hukumbuka kitu kimoja tu, muguka. Mei 2024, Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipoupiga marufuku na Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha marufuku hiyo, sisi na wao tulitupiana maneno kama mahasimu. Dereva aliposikia lafudhi yangu akaniuliza, "Mzee, umekuja kutufungia muguka?" Gari zima likacheka. Nikamjibu kwamba nimekuja kumwona mjukuu. Lakini njia nzima nilikuwa nikiwaza jambo ambalo sisi wa Kilifi na Malindi hatuwezi tena kulisikia tukacheka: mtu ameonyeshwa kitu, na mtoto ananyimwa kitu.

Nilimkuta mtoto uani, amevaa sweta mbili, anacheza. Nikamshukuru Mwenyezi Mungu. Macho yalikuwa na umanjano kuliko kawaida yake, na aliniambia mguu unamuuma kidogo usiku. Bibi yake, ambaye kule watoto humwita shosho, alinipokea kwa heshima zote. Aliniwekea maji ya kunawa, akaniletea chai, akaniuliza kama kuku wa kuchinjwa na jirani yao Muislamu ningemla. Hakuwa na dalili ya mtu mkorofi. Ni mama wa miaka sitini na kitu, mjane, anayepeleka kahawa yake kiwandani kama majirani zake.

Akanihadithia mwenyewe. Miaka miwili iliyopita, miezi michache baada ya kumzika mumewe, alikuwa shambani alfajiri akichuma kahawa. Alikuwa na deni, na kijana wake mmoja amezama kwenye pombe. Wingu likafunuka juu ya mlima, mwanga ukampiga usoni, akasikia jina lake likiitwa mara tatu. Alipiga magoti kwenye umande. Alipoinuka, huzuni aliyokuwa ameibeba tangu mazishi ilikuwa imeondoka. "Baba," aliniambia, "sikuwa nimelala. Nilikuwa na ndoo mkononi."

Alimsimulia jirani mmoja. Jirani akaja usiku kuomba naye, kwa sababu naye alikuwa na lake. Wakawa wawili, wakawa sita. Nilipofika walikuwa zaidi ya ishirini, wanakutana Jumanne na Ijumaa usiku sebuleni kwake, kitambaa cheupe kichwani, viatu nje. Halafu akaja kijana mmoja, mwenyeji wa kule aliyerudi kutoka Nairobi, hodari wa kusoma na kusema. Akawa ndiye anayefafanua. Shosho akipata maono, yeye huyaeleza yana maana gani.

Msomaji, kabla hatujaenda mbali, naomba tusifanye kosa la kumcheka mama huyu. Mimi si sheikh, elimu yangu ni madrasa ya utotoni na diploma ya maendeleo ya jamii. Lakini nimelelewa katika nyumba ambayo mtu haanzi safari ya jahazi wala posa bila istikhara. Tumefundishwa kwamba ndoto ya kweli ni sehemu moja katika sehemu 46 za unabii, na kwamba ndoto ni za aina tatu: bishara kutoka kwa Mola, vitisho vya shetani, na mazungumzo ya nafsi. Wazee wetu wa tarika walikuwa na maneno yao kwa haya, ilhamu na kashfu. Muislamu anayesema hakuna mtu anayeona kitu anajikanusha mwenyewe.

Na wenyeji wa Embu nao hawakuanza jana. Katika simulizi zao, Mwene Njeru, yaani Mungu, alimuumba Mwenendega na kumpa mke, Ciurunji, kando ya maporomoko ya Mbui Njeru. Kirinyaga, mlima ule ule aliouangalia shosho na ndoo mkononi, ni mahali patakatifu kwa Waembu na jirani zao tangu hapo kale. Mtu wa kule akitafuta uso wa Mungu huelekeza macho juu mlimani. Njozi huja imevaa nguo za mahali ilipotokea.

Basi swali langu halikuwa kama mama yule aliona au hakuona. Swali langu lilikuwa hili: mwanga juu ya mlima umegeukaje kuwa amri kuhusu vidonge vya mtoto?

Historia ya nchi yetu ina majibu. Chukueni Wakorino, wale ndugu zetu wa vilemba vyeupe ambao hata Mombasa tunawaona. Mmoja wa waanzilishi wao, Joseph Ng'ang'a, anasimuliwa kuwa mwaka 1926, akiwa amelewa, alisikia sauti ikimwita kwa jina na kumkataza pombe. Hakutoka siku ya pili kuhubiri. Alijitenga kwa miaka kadhaa, anasoma na kuomba. Mwaka huo huo wa 1926 Agano Jipya lilikuwa limechapishwa kwa Kikikuyu, kwa hivyo mtu wa kawaida aliweza kujisomea bila mzungu wa misheni kumwelekeza. Kisha mwaka 1929 ukazuka mgogoro wa tohara ya wanawake, na watu wengi wakatoka au wakatolewa makanisani. Hapo tayari palikuwa na watu wenye kiu, kitabu mkononi, na mtu aliyesikia sauti. Wakaitwa Arathi, yaani waonaji, au Watu wa Mungu. Serikali ya kikoloni iliwatilia shaka, na Februari 1934 polisi walimuua Ng'ang'a pamoja na wenzake wawili katika msitu wa Ndarugu. Jomo Kenyatta aliandika habari zao katika kitabu chake cha 1938, Facing Mount Kenya. Leo wamo Embu na Meru vilevile, wana makanisa yaliyosajiliwa.

Upande wa Nyanza, Johana Owalo alisimulia kwamba mwaka 1907 alichukuliwa mbinguni katika maono. Kutokana na hayo likatoka kanisa la Nomiya mwaka 1914, mojawapo ya makanisa ya kwanza kabisa ya Waafrika wenyewe nchini, na wafuasi wake hutahiri watoto wao wa kiume. Jina lenyewe, Nomiya, ni neno la Kijaluo lenye maana ya "nilipewa". Hakuna jina linaloeleza mwanzo wa dini hizi vizuri kuliko hilo. Mtu anasema, sikubuni, nilipewa.

Na mwaka 1929 katika kilima cha Namirembe, Kampala, Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi, na daktari wa Kiingereza, Joe Church, waliketi siku mbili kuomba na kusoma Biblia. Kutoka hapo ukawaka Uamsho wa Afrika Mashariki, ukapita Gahini nchini Rwanda, ukaingia Kenya mwishoni mwa miaka ya 1930. Watu waliungama madhambi yao hadharani na kujiita waliookoka. Wengi walibaki ndani ya makanisa yao. Lakini neno hilo la kuokoka ndilo lililozaa jina la Kavonokia, kikundi kinachojulikana Embu, Mbeere na Tharaka kwa kukataa hospitali na chanjo, na ambacho kwa miaka mingi kimevutana na maafisa wa serikali kwa sababu hiyo. Tuseme haki: watu hawa ni wakulima wanaoishi na majirani zao, na si watu wa msituni. Lakini suala la watoto wao na dawa halijapata kuisha.

Ukiyaweka masimulizi haya pamoja unaona yanafuata njia moja. Kwanza kuna dhiki: msiba, deni, ukoloni, kufukuzwa kanisani. Pili, mtu mmoja anapata jambo linalomwondolea mzigo wake. Tatu, wanakuja wengine wenye mizigo kama yake, na kusimuliana kwao kunafanya jambo la mmoja liwe la wote. Hapa hakuna ubaya wowote. Watu wanaacha pombe, wajane wanapata wa kuwatembelea, kijana anapata kazi ya kufanya usiku mbali na baa. Yule mtoto wa shosho aliyekuwa mlevi ndiye aliyenitolea mzigo wangu garini, macho makavu, salamu mdomoni.

Hatari huanza katika hatua ya nne. Njozi mara nyingi ni fupi. Ni mwanga, ni jina, ni neno moja la faraja. Maisha ni marefu, na watu wanataka kujua wale nini, wavae nini, mtoto akiugua wafanye nini. Njozi haikusema. Kati ya njozi na amri pana pengo, na pengo hilo lazima atokee mtu wa kulijaza. Mara ni mwonaji mwenyewe, baada ya kuonja utamu wa kufuatwa. Mara nyingi zaidi ni mfasiri, mtu aliyeketi pembeni yake. Ukitaka kujua kikundi kinaelekea wapi, usimtazame aliyeota. Mtazame anayejaza pengo, na utazame kama kuna anayeweza kumuuliza swali.

Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, mwanamke aitwaye Credonia Mwerinde alidai kumwona Bikira Maria. Joseph Kibwetere, mtu mwenye heshima na mali, akawa uso wa kikundi kilichojiita cha kurejesha Amri Kumi za Mungu. Amri zikaongezeka juu ya zile kumi: kufunga, kunyamaza, kuuza mali. Tarehe 17 Machi 2000 zaidi ya watu 300 waliteketea ndani ya kanisa lao, na mamia mengine wakafukuliwa katika nyumba za viongozi.

Asije msomaji akadhani haya ni ya Wakristo peke yao. Tarehe 20 Novemba 1979, siku ya kwanza ya mwaka 1400 Hijria, watu wenye silaha waliuteka Msikiti Mtukufu wa Makka chini ya Juhayman al-Otaybi. Walimtangaza shemeji yake, Muhammad al-Qahtani, kuwa ndiye Mahdi. Mojawapo ya hoja zao ilikuwa ndoto. Wafuasi kadhaa waliota jambo moja, basi wakasema, vipi ndoto za wengi zitakuwa uongo? Damu ilimwagika mbele ya Al-Kaaba kwa muda wa wiki mbili, na huyo waliyemwita Mahdi akafa humo humo. Walikuwa wanaswali, wanafunga, wanasoma hadithi. Waliokosa ni mtu wa kuwaambia: ndoto yako ni yako, si hoja juu ya mwenzio.

Na ya Shakahola nani wa Pwani asiyeyajua? Tangu Aprili 2023 zaidi ya miili 400 imefukuliwa katika msitu ule, watu walioambiwa kwamba kufa kwa njaa ni njia ya kukutana na Yesu. Paul Mackenzie na wenzake wameshtakiwa, wamekana mashtaka, na kazi ya hukumu ni ya mahakama. Mwaka 2025, kabla hatujamaliza kuwatambua waliokufa, makaburi mengine yakafukuliwa Kwa Binzaro, kule kule Chakama. Jirani zetu, wengine tulisoma nao, waliuza mashamba na kuingia msituni. Na katika makaburi yale walikuwamo watoto wengi. Mtoto hakuota ndoto yoyote. Mtoto aliamrishwa.

Serikali inafanya nini? Kila baada ya msiba tunaletewa dawa ile ile, vyeti. Januari 2016 kanuni zilizotaka wahubiri wawe na shahada za dini ziliondolewa baada ya viongozi wa dini, Waislamu na Wakristo, kuzipinga. Baada ya Shakahola, Rais aliunda jopo chini ya Mchungaji Mutava Musyimi, likakabidhi ripoti Julai 2024, na mjadala wa sheria ya mashirika ya dini unaendelea. Sipingi usajili. Anayekusanya sadaka za watu na atoe hesabu. Lakini shosho wa Runyenjes hana shirika, hana mimbari, hana akaunti ya benki. Ana sebule. Cheti utakidai wapi? Juhayman alikuwa amesoma, na Kibwetere hakuwa mjinga. Cheti kinaonyesha mtu alisoma nini, hakionyeshi kama anakubali kuulizwa.

Sheria tunayohitaji zaidi ipo tayari. Kifungu cha 32 cha Katiba kinampa kila mtu uhuru wa kuamini. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya lishe na matibabu, na kinasema maslahi ya mtoto ndiyo yatangulie. Ukivisoma pamoja, mstari unaonekana. Mtu mzima aote, afunge, avae vyeupe, akatae hata aspirini, hayo ni yake na Mola wake. Mtoto apate dawa. Chifu, mzee wa mtaa, mhudumu wa afya wa kijiji, imamu na mchungaji hawahitaji kupima ukweli wa maono ya mtu. Waulize maswali matatu tu. Watoto wanakula na kutibiwa? Anayetaka kutoka anaweza kutoka na akabaki na jamaa zake? Na kiongozi anaweza kuulizwa swali mbele ya watu bila muulizaji kuitwa msaliti? Shakahola ingefeli yote matatu mapema sana.

Sisi Waislamu tuna mfano mkubwa kuliko wote. Bwana Mtume (SAW), alipojiwa na wahyi katika pango la Hira, alirudi nyumbani akitetemeka, akamweleza mkewe, Bi Khadija. Naye akamtuliza, kisha akampeleka kwa Waraka bin Naufal, mzee aliyesoma vitabu. Huyo ni Mtume wa kweli, na baada yake hakuna mtume. Ikiwa yeye alirudi nyumbani na kuzungumza na mkewe, vipi mtu wa leo aote usiku, asubuhi awaamuru watu wasizungumze na wake zao, wazazi wao wala daktari? Na masheikh wetu waliobadilisha mji, kama Habib Saleh wa Lamu, waliubadilisha kwa kusomesha mlango wazi. Aliwasomesha hata wale ambao wakubwa wa mji hawakutaka wasomeshwe, akapingwa, na Riyadha ikasimama hadi leo. Mlango wazi ndio ulinzi.

Turudi Runyenjes. Ijumaa usiku niliomba ruhusa niketi nao. Nikavua viatu, nikakaa karibu na mlango. Waliimba vizuri, wallahi, kwa sauti za chini, na mvua ndogo juu ya mabati. Kisha yule kijana akasimama kufafanua. Alisema mwanga wa mlimani maana yake ni usafi, na usafi maana yake ni kutoingiza mwilini kitu kilichotengenezwa na mikono ya wanadamu. Ndiyo sababu ya vidonge kuwekwa kando. Alizungumza kwa uchungu. Baadaye nilijua kwamba mamake alifia kwenye foleni ya hospitali, hakuna aliyemhudumia. Hakuwa tapeli. Alikuwa na jeraha, na alipata pengo la kulimiminia.

Alipomaliza nikainua mkono. Nikasema, "Mama, mimi ni mgeni na si wa dini yenu. Naomba kuuliza kitu kimoja. Siku ile shambani, sauti ilisema nini hasa?"

Watu wakageuka. Shosho akafikiri. "Iliita jina langu mara tatu," akasema. "Kisha ikasema, usiogope."

"Baada ya hapo?"

"Basi. Ilisema usiogope."

"Ilisema chochote kuhusu vidonge vya mtoto?"

Kimya. Ukisikia mvua tu. Yule kijana akataka kujibu, shosho akamwinulia kiganja. Mama yule alichukua muda mrefu, msomaji, na mimi moyo ulikuwa mdomoni, kwa sababu angeweza kusema lolote. Mwishowe akasema kwa Kiembu, kisha akanirudia kwa Kiswahili: "Hapana. Mimi sikuambiwa hayo. Niliambiwa nisiogope, na tangu tuache vidonge nimekuwa nikiogopa kila usiku."

Akaenda chumbani, akarudi na mfuko wa dawa. Mtoto alimeza vidonge vyake mbele ya wote, akaomba chai. Kesho yake tukampeleka kituo cha afya akapimwa, na Alhamdulillah hapakuwa na la kutisha. Nilikaa siku tatu zaidi, kisha nikarudi naye Mombasa kwenye joto lake.

Sikuandika haya ili nijisifu kwamba nimemshinda mtu. Miezi imepita, nimezungumza na shosho kwa simu. Bado wanakutana Jumanne na Ijumaa. Bado anaamini aliitwa, nami sina ruhusa ya kumwambia hakuitwa. Lakini yule kijana aliondoka, na kumi na mmoja wakamfuata. Wanakutana kwengine, upande wa chini, na inasemekana naye sasa anapata maono yake mwenyewe. Hivyo ndivyo kikundi kimoja kinavyozaa cha pili. Katika hao kumi na mmoja, wawili wana watoto wadogo.

Shosho ameniambia huwatembelea wale akina mama kila Jumapili mchana na mfuko wa ndizi. Habishani nao kuhusu dini. Huomba awaone watoto, huwashika mikono, hutazama macho yao, kisha hurudi kwake. Nilimuuliza kama kijana yule humzuia mlangoni. "Bado," alisema.